Aliyemnyoa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi nyumbani Jumapili moja akiwa amenyolewa na mtu mwingine.

Nilikuwa nasonga bugali jikoni, katika ile nyumba ya zamani ya mtaa wa Bellevue ambayo jiko lake tulilitumia pamoja na wapangaji wa vyumba vingine vyote. Akaingia akijikunja mlangoni, kama alivyozoea kwa sababu ya urefu wake. Niliona mara moja. Upande mmoja nywele zilikuwa zimeliwa kuliko mwingine, na shingoni hapakuwa na mstari wowote. Ilikuwa kazi ya mtu asiyejua mashine.

"Nani huyo?" nikamuuliza.

"Nani nini, Yaya?"

"Nani alikushika kichwa?"

Akacheka. "Ni Mzee. Msimu ukianza, ananyoa watu wote wa mbele yeye mwenyewe. Ni desturi yake."

Mdogo wetu wa mwisho, msichana ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza cha shuleni, alimzunguka kaka yake akimkagua. "Eish," akasema, kisha akatangaza kwamba amefanana na mpira wa tenisi uliotafunwa na mbwa. Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kidogo kuliko wao.

Mtu mwingine angesema nywele ni nywele, zitaota. Lakini kichwa kile kilikuwa changu. Mama alipofariki kule Bukavu, mwaka mmoja baada ya baba, siku ya kumaliza matanga ilibidi yatima wanyolewe. Shangazi ndiye aliyepaswa kutunyoa, ila alilia hadi hakuona, akaniwekea wembe mkononi. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, na sikuufikia wa tatu. Wa mwisho alikuwa wa kubebwa mgongoni. Huyu wa kati alikuwa anang'oka meno ya mbele. Alishtuka, wembe ukampata nyuma ya sikio la kulia, na kovu lipo mpaka leo. Tangu siku hiyo kila nilipomnyoa, kule nyumbani, njiani tulipokuwa tunakuja, na hapa Johannesburg, aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto kulikimbiza lile sikio. Aliendelea hivyo hata aliponizidi kimo na upana mara mbili. Sikumkataza. Nilikifuata kichwa kilikoelekea, na ndivyo nilivyojifunza kazi ninayoifanya.

Huyo Mzee alikuwa mzungu mwenye magoti mabovu, kocha wa watu wa mbele katika timu ya raga ya chuo kikuu ambacho kilimpa mdogo wangu bursari ya masomo kwa ajili ya mabega yake. Watu wa mbele ni wale wanane wanaoinama, wakashikana, wakasukumana na wanane wa timu nyingine kama mafahali, huku mpira uko chini miguuni mwao. Wanaiita skramu. Mdogo wangu alikuwa propu, nguzo ya pembeni, yule ambaye shingo yake inabeba uzito wa wengine. Timu ilikuwa na kocha mkubwa, lakini huyo nilimsikia kwa nadra. Nyumbani kwangu aliyetajwa ni Mzee.

Mzee anasema nile mayai asubuhi. Mzee anasema nisilale kifudifudi. Mzee anasema mgongo uwe kama meza. Nikimpakulia mboga ya sombe anauliza kama ina mafuta mengi, kwa sababu Mzee ana maoni juu ya mafuta. Yule mdogo wetu wa mwisho alianza kumwigiza kaka yake: akitumwa dukani anasimama wima, mkono kifuani, "Mzee anasema nisitumwe."

Siku moja nikamsikia mdogo wangu akimjibu Mzee kwenye simu: "Ndiyo, Papa."

Kwetu kila mwanamume mzima ni papa. Mchungaji ni papa, mwenye nyumba ni papa, hata mimi namwita papa mlinzi wa jengo tulilopanga saluni, pale Berea. Najua hivyo. Lakini papa huyu wa kwenye simu alitamkwa polepole, na baada yake mdogo wangu alinyamaza akisikiliza, kichwa chini, kwa utulivu ambao mimi sijawahi kuupata kwake bila kupandisha sauti.

Saluni nilifanya kazi na Mtanzania mmoja mwenye ulimi mrefu na mikono myepesi. Nilimweleza, na nilijuta kabla sijamaliza.

"Shoga, unamwonea wivu babu wa watu mwenye magoti ya mbao?"

"Si wivu."

"Ni nini basi? Umemtaja tu, mteja karibu apoteze sikio." Mteja aliyekuwa mikononi mwangu akajishika sikio. "Halafu huyo mdogo wako anakuitaje?"

"Yaya. Si unajua kwetu yaya ni mkubwa wako, uliyemfuata kuzaliwa."

"Kwenu. Kwetu sisi yaya ni msichana wa kulea kwa mshahara. Analea, analea, anabembeleza, anafuta kamasi, siku moja mwenye mtoto anarudi safari. Anasema asante sana dada, Mungu akubariki, nipe mwanangu."

Saluni nzima iliangua kicheko. Nilicheka nao, kisha nikatoka kwenda spaza, kiduka cha jirani, kununua maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Mwaka huo, ulikuwa 2017, timu ilianza kupigwa. Skramu ilirudi nyuma kila Jumamosi. Vijana wakubwa walikuwa wamemaliza masomo, waliobaki ni wageni, lakini mashabiki hawana habari na hayo. Wanafunzi wakatunga wimbo wa maneno mawili, "Mzee aende," wakawa wanauimba hata kabla mchezo haujaanza. Mimi, ambaye hadi leo sielewi kwa nini mpira ule hautupwi mbele, nikawa nauliza matokeo kama warithi wanavyouliza homa ya tajiri.

"Tumepigwa tena, Yaya."

"Pole sana," nasema, na ndani yangu kuna kitu kinavuta kiti kukaa vizuri.

Hoja nilikuwa nayo, tena ya haki. Msusi ambaye misuko yake inafumuka kabla mteja hajafika kwenye roboti ya kwanza, zile taa za barabarani, hamalizi mwezi saluni kwetu. Kwa nini kocha wa kusukuma, ambaye watu wake wanasukumwa, aendelee kula? Nilisema hivyo mezani. Mdogo wangu aliweka tonge chini. "Yaya, usiongee kitu hujui," akasema. Hakuwahi kuniambia hivyo kabla.

Kisha ukaja mchezo ambao wakipoteza wangeshushwa ligi ya chini. Nilikwenda na yule mdogo wetu. Ilikuwa katikati ya baridi, nyasi za njano, jua kali lisilo na joto. Ndipo nilipomwona Mzee kwa mara ya kwanza, amesimama ukingoni na kofia ya sufu, hatazami mpira kabisa. Popote mpira ulipokwenda, yeye alitazama vichwa vya wale wanane.

Timu yetu ilikuwa inaongoza kwa kidogo. Ilipokaribia mwisho, baada ya skramu moja ambayo kwangu ilionekana kama zote, Mzee akainua mkono, akamtoa mdogo wangu.

Uwanja ulizomea. Mdogo wangu alinyoosha mikono kuonyesha yu mzima, akapiga kifua, akabishana. Mzee alitikisa kichwa tu. Kijana mwembamba akaingia mahali pake, na skramu iliyofuata ikaporomoka kama ukuta wa udongo. Iliyofuata hiyo nayo vivyo hivyo. Tukashushwa ligi. Mdogo wangu alitupa kinga yake ya meno kwenye nyasi, akampita Mzee bila kumtazama, akaja moja kwa moja tulipokaa.

"Yule mzee ni mjinga," akasema. "Nilikuwa mzima. Ameniaibisha."

Nilimfunika mabega kwa shali yangu. Sura yangu ilikuwa ya msiba. Moyo ulikuwa unapiga vigelegele.

Jioni hiyo hiyo meneja wa timu alinipigia. Kamati ya klabu ingekaa Jumatatu kuamua kama Mzee afukuzwe. Walitaka mdogo wangu aeleze kwamba alitolewa akiwa mzima, na walitaka mlezi wake awepo. Nikasema tutakuja.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu alivuta kiti uani, akakaa. "Yaya, ninyoe."

Sikuwa nimemshika kichwa tangu mwanzo wa msimu. Nilimvisha taulo, nikawasha mashine, nikaanza kisogoni, taratibu, nikirekebisha makosa ya yule mzungu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilichelewa kuona. Nilipofika upande wa kulia, mkono wangu ulikwenda kushoto peke yake, kukifuata kichwa kama kawaida. Kichwa hakikuwepo. Kilikuwa kimesimama palepale, wima, kama kigingi.

Nilikisukuma kwa vidole viwili. Akavuta pumzi kwa meno.

Nikazima mashine. "Inauma?"

"Haina kitu."

"Geuka uniangalie."

Aligeuka na kiti kizima.

"Tangu lini?"

"Ile skramu ya mwisho. Kitu kililia shingoni. Yaya, usiseme. Nikisema wataniweka nje mwaka mzima."

Nilibaki na mashine mkononi. Nywele zake zilikuwa nusu. Nilielewa kwamba yule mzee, akiwa mbali vile, aliona jambo ambalo mimi nimeligundua nikiwa nimelishika.

Alfajiri ya Jumatatu tulikuwa kwenye foleni ya hospitali, yeye na kofia ya kuficha nusu kichwa. Walimpiga picha, wakamfunga kola ngumu shingoni, na daktari akasema angesukuma tena siku ile huenda asingetembea. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mkate. Tulitoka huko moja kwa moja hadi kwenye kamati.

Mzee alikuwa amekaa peke yake upande mmoja wa meza, kofia gotini. Alipoiona ile kola alifumba macho kidogo. Wengine walinong'onezana. Nahodha wa timu, kijana mwenye hasira ya kweli, ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo aliumia. Sawa. Nani alimwumiza? Ni yeye na mazoezi yake ya kizamani. Anasimama juu ya ile mashine ya mazoezi ya kusukuma, tunamsukuma uwanja mzima kama askofu kwenye machela. Shingo gani itabaki?"

Baadhi walicheka. Mwenyekiti aliwanyamazisha, akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye mlezi. Nitasema wazi. Kama familia inaleta malalamiko kwamba kocha alimwumiza kijana, hatuna la kujadili tena. Anaondoka leo."

Nilichokitamani msimu mzima kilikuwa mikononi mwangu, kimeshamenywa na kuwekwa kwenye sahani. Mdogo wangu hakuweza kugeuza shingo, kwa hiyo alinitazama kwa pembe ya jicho, na sikujua anaomba nini.

Nilimwuliza Mzee, "Ulijuaje?"

Alijikohoza. "Huyu, kila anapoinama kuingia, kichwa huenda kushoto kidogo kwanza. Kila mara, tangu siku ya kwanza. Kama anayelinda sikio. Nilijaribu kumwachisha, nikashindwa, basi nikawapanga wengine wamfuate yeye. Jumamosi, ile skramu ilipovunjika na akasimama tena, kichwa hakikwenda."

Wengine walisubiri aendelee. Kwao hayo hayakuwa maelezo. Mimi nilijisikia kama mwanamke aliyerudi chumbani kwake akakuta viatu vya mgeni chini ya kitanda. Ile kushoto ilikuwa yangu. Ilizaliwa siku ya matanga ya mama, kwa wembe wangu, na mtu huyu alikuwa akiitazama kila siku jioni, ameijua, ameipangia watu saba wengine.

Nilimchukia kwa nguvu zote. Na kwa sababu nilikuwa na uhakika sasa ni kitu gani ninachokichukia, nilijua pia kwamba alichosema ni kweli, na kwamba katika chumba kile ni mimi peke yangu ambaye ningeweza kukithibitisha.

"Anasema kweli," nikasema. "Kichwa kile kinakwenda kushoto. Jana hakikwenda. Huyu ameona kabla yangu." Nikamgeukia mwenyekiti. "Kama mnamfukuza kwa kupigwa, mimi raga siijui, amueni wenyewe. Lakini kwa mtoto wangu, sina malalamiko. Amenirudishia akitembea."

Mdogo wangu akasema, kwa Kiingereza, akiangalia meza, kwamba alidanganya kwa mikono mbele ya uwanja mzima, na kwamba anaomba radhi. Nahodha hakurudia tena habari ya askofu. Walijadiliana kwa muda, kisha wakaamua Mzee abaki.

Mlangoni alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkubwa na mkavu. "Asante, Yaya," akasema.

"Yaya si jina langu," nikamjibu. "Ni cheo."

Mdogo wangu alianza kucheka, akakumbuka shingo, akaishika kola kwa mikono miwili akilia na kucheka.

Alipona taratibu, kwa chakula changu na mazoezi ya Mzee, ambaye alimpigia simu kila jioni. Wivu haukupona. Nilimheshimu yule mzee, na kila simu ilipolia nilipandisha sauti ya redio.

Msimu mwingine ulipofika, daktari akamruhusu. Jumamosi kabla ya ile Jumapili ya desturi, nilitoa kiti uani nikamwita. Alikuja bila kuuliza. Sikutumia mashine, nilichukua wembe. Kichwa kilikwenda kushoto, nami nikakifuata, nikanyoa mpaka hapakubaki hata kivuli, nikapaka mafuta kikang'aa kama sufuria ya harusi.

"Yaya," akasema akijipapasa, "kesho Mzee atanyoa nini sasa?"

"Atajua mwenyewe."

Jumapili jioni alirudi akicheka tangu getini. Alisema wenzake walinyolewa mmoja mmoja, zamu yake ikafika, Mzee akasimama nyuma yake kwa muda mrefu na mashine inanguruma mkononi. Kisha akaipitisha hewani, juu ya kichwa kitupu, mbele hadi nyuma, akaizima.

"Akasemaje?"

"Akasema, msalimie mwenye cheo."