Ndoo ya Bi Salma

Tangu juzi naona aibu. Bi Salma, mgeni anayepima joto la maji ya visima vya Pate ili ichorwe ramani ya pa kuchimba nishati ya joto la ardhini, aliniomba ndoo ya maji ya kisima changu alfajiri. Nikadhani anataka kuoga. Marehemu mume wangu hakuoga maji baridi hata siku moja, na mkono wangu haujasahau: nikaongeza birika zima la maji ya moto.

Akatumbukiza kipimajoto, akapiga kelele. “Bwana Athman, njoo! Tumepata! Tia alama hapa!”

Bwana Athman, mwenzake mchora ramani, akaja mbio, akaikunjua. Nami nikatoka jikoni na birika la pili.

“Mwanangu, nikuongezee, au hayo yatakutosha kuoga?”