Mawe Meupe ya Kiwanja cha Ndege cha Jinja

Mwezi uliopita nilikwenda Jinja kwa harusi ya mjukuu, huko Mpumudde. Kijana wa boda boda akakata njia kando ya kiwanja cha ndege, nikamwomba asimame kidogo. Akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, twende. Wewe nitakueleza, maana umenivumilia siku nyingi.

Kiwanja kile hakikuwahi kuwa kikubwa. Bibi alisema palikuwa malisho mpaka Wazungu walipokuja kupasawazisha, ili wakubwa wa pamba na viwanda washuke karibu na ziwa. Nilipopata akili kilikuwa ukanda wa majani mafupi, kibanda cha mabati, mfuko wa upepo juu ya mlingoti, na kila upande mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, ili rubani aone ardhi ngumu inaishia wapi. Upande wa ziwani, nje ya mawe, chini ya majani kulikuwa na tope.

Mlinzi wa kiwanja alikuwa Mwislamu aliyetoka Nakaloke, karibu na Mbale, na jirani yetu. Hakuwa askari, lakini tulimwita Afande kwa jinsi alivyowaamrisha ng'ombe wa watu. Ndege ikisikika alipuliza filimbi, na mbuzi walijua maana yake kuliko sisi. Kila mwisho wa mwezi alikoroga chokaa kwenye debe, nasi watoto tukagombania brashi. Mikono ilituwasha mpaka kesho yake. Alikuwa akisema, "Jiwe moja ikikosa, rubani anadanganywa."

Kisha vita vikaja. Wanajeshi waliokuwa wakikitumia kiwanja wakakimbia, mlinzi akawapeleka watoto kwao, na kwa msimu mzima pale pakawa hapana mwenyewe. Watu walipanda viazi vitamu katikati. Mabati ya kibanda yakaenda, na mfuko wa upepo niliuona umeshonwa kaptula. Mawe yalikwenda majikoni. Jiko la bibi lilikuwa limefukuliwa na waporaji waliodhani tumezika vitu chini yake. Nikaenda upande wa ziwani, nikang'oa mawe matatu yaliyofuatana, nikayasugua chokaa ikatoka, nikamwambia bibi nimeyatoa ufukweni. Akayafukia nusu, akapika mukene, dagaa wetu, kwa karanga za kusaga, akasema nyumba imerudi kuwa nyumba.

Mambo yalipotulia mlinzi alirudi. Ndege ilikuwa ije na dawa za hospitali, naye akapewa wiki moja kukitengeneza kiwanja. Akapita nyumba kwa nyumba na toroli, akiwatania wanawake kwamba mawe yake yamenenepa kwa kula ugali wao. Yaliyokuwa kwenye misingi na vyoo yalirudishwa. Mafiga yalikuwa jambo jingine, kwa sababu kwetu hayang'olewi mwenye jiko akiwa hai; ni kama kumchimbia kaburi. Mlinzi alilijua hilo. Aliyekiri hakunyang'anywa. Alitakiwa kuonyesha tu jiwe lilitoka wapi, mlinzi aweke jingine, maana majani yalikuwa yamefunika kila alama.

Kwetu alimkuta bibi anasonga ugali juu ya mafiga yale matatu.

"Jaja, hizi nazo si zangu?"

"Hayo ya ziwani, Afande. Mjukuu wangu aliyabeba kichwani."

Mlinzi akanigeukia. "Ya ziwani?"

"Ya ziwani," nikasema.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliogopa bibi asije akajua kwamba anapikia juu ya wizi. Mlinzi akasema haya, akasukuma toroli.

Pengo la mawe yale matatu alilikadiria kwa macho. Mstari wake uliingia topeni hatua chache. Ndege ilishuka watu wakipiga vigelegele, gurudumu moja likapita ndani kidogo tu ya mawe na kuzama, bawa likalala chini. Hakuna aliyeumia, lakini chupa nyingi za dawa zilivunjika, na harufu yake ilibaki majanini mpaka jioni. Mkubwa mmoja aliyekuja na ndege ile akauliza nani alipanga mawe yale.

"Ni mimi, bwana. Hapa nilikosa mimi," mlinzi akasema.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Wiki ile akaachishwa kazi, akafunga virago vyake akarudi Nakaloke.

Maisha yakanipeleka Mbale, nikawa karani, nikajenga chini ya mlima Wanale. Nakaloke ni safari fupi ya teksi. Kwa miaka yote hiyo nilikutana naye mara moja tu, sokoni kwao, amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya. Akauliza habari za bibi, nikasema alikufa vizuri. Akauliza kama majani ya kiwanja bado yanakatwa. Nikasema yanakatwa. Nikanunua nyanya, nikaondoka. Nilipojipa moyo kurudi, wanawe walikuwa wamemaliza kisomo cha arobaini.

Ndege ndogo bado hushuka pale Jinja mara moja moja. Wengi waliokuwepo siku ile wamekwisha, na wachache waliobaki wanakumbuka kwamba kulikuwa na mlinzi aliyepanga mawe vibaya. Hakupanga vibaya. Aliamini neno la mtoto wa jirani.