Swali la Mama Mkwe

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na siku hiyo sikufanya jambo kubwa: nilikohoa tu. Ngoja nikueleze, maana wewe nawe una watoto wadogo sasa, na haya yako naijua, umeirithi kwangu.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa fundi cherehani hapa Gitega, nakaa mtaa wa Yoba, sijafika miaka thelathini, nina watoto wawili na majivuno ya watu kumi. Nikaanza kuona damu chooni. Nilimnong'oneza fundi mwenzangu, akacheka: "Hiyo ni bawasili, ugonjwa wetu sisi wa kukaa kutwa kwenye cherehani." Nilifurahi, wallahi! Nikajishonea mto wa kukalia, wa kitambaa cha maua, na kila damu ilipozidi nikaongeza pamba. Mwaka mzima nilitibu ugonjwa kwa mto. Suruali ziliponilegea nikazipunguza kiunoni mwenyewe, tena nikajisifu kwamba mkono wangu bado ni mzuri. Cheka, mwanangu, hata mimi nacheka sasa.

Mama yako hakujua. Mapigano yalipokaribia nilikuwa nimempeleka pamoja na watoto kwa wazazi wake, Muyinga. Nilipowafuata, basi letu lilikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na safari nzima nililiogopa tumbo langu kuliko risasi.

Sasa, desturi yetu unaijua. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kutajiana mambo ya choo. Na katika nyumba zetu anayekwenda chooni hubeba birika la maji, kwa hiyo kila aliye uani anajua. Mimi nikajiona mjanja. Nikaficha kidumu cha maji nyuma ya choo, nikawa naondoka mikono mitupu kana kwamba nakwenda kuangalia migomba. Mtu gani anaangalia migomba mara sita kwa siku?

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nilikuwa peke yangu sebuleni. Mama mkwe akaja akasimama nyuma ya pazia la mlango. Niliona miguu yake tu.

"Mkwe wangu, mi sina ruhusa ya kukuuliza hii kitu," alisema. "Lakini binti yangu iko kijana bado, na watoto iko wadogo. We unaendaka kule nyuma mara mingi, na unakonda. Iko damu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ndiyo haikutoka, hapana haikutoka.

"Basi usiseme," akasema kwa upole. "Kama iko damu, kohoa tu."

Nje nilimsikia dada yako akifukuza kuku na kucheka peke yake. Nikakohoa.

Akasema: "Kesho asubuhi tunaenda ku hospitali. Pamoja."

Na kweli tulikwenda, akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Daktari aliponiuliza damu ilianza lini, ulimi wangu ulikuwa tayari kusema mwezi mmoja. Nikamfikiria yule mama aliyekiuka desturi yake kwa ajili yangu, nikasema mwaka. Daktari akavaa glavu, akanipima kwa kidole. Sikufa kwa aibu, kama unavyoona. Akaniambia hii si bawasili, kuna uvimbe ndani, niende Bujumbura wakaingize kamera na kukata kinyama cha kupimwa. Nikaenda, kisha nikarudi Yoba kusubiri majibu, na mama yako akarudi kusubiri pamoja nami.

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Mama yako alilia, nami nililia zaidi yake, kwa sababu niliufikiria ule mwaka. Daktari alisema ningechelewa miezi michache zaidi, asingethubutu kunipasua. Nilipasuliwa, nikakaa muda mrefu sina nguvu hata ya kushika mkasi, nikapona. Wewe ulizaliwa baada ya hapo.

Mwanangu, haya ni jambo jema, nami nilikulea nayo, lakini usiuache ugonjwa ujifiche nyuma yake. Ukiona damu, ukiona choo kimebadilika na hakirudi kama zamani, ukikonda bila sababu, usijiambie u kijana mno. Nenda kwa daktari, mweleze ukweli wote tangu siku ya kwanza, na mkeo ajue kabla hujatoka nyumbani. Na ukimwona mtu wako anadhoofika, muulize, hata kama desturi inakuziba mdomo. Akikasirika, afadhali, bado yuko hai wa kukasirika.

Mwenyezi Mungu akulinde, akuzeeshe na mkeo mkigombania blanketi moja, na watoto wako wasije wakakujua kwa kusimuliwa. Amina.