Mguno Niliomfundisha Ngagi

Kazi yangu ilikuwa kuzoeza ngagi, wale sokwe wakubwa wa mlimani, ili wasiwakimbie watalii. Kila asubuhi nilitoka kambini, nikapanda msituni, nikakaa karibu na familia moja. Nilitafuna majani kama wao, nikaguna kooni: mmh-hmmm. Kwao ni kusema, nimekuja kwa amani. Mwanzoni dume mkubwa alinirukia kwa kishindo, nami nikainamisha macho na kuomba rehema. Baada ya miaka akaanza kunijibu. Wageni walikuja, wengine wakatokwa na machozi mbele yake, na pesa zao zikalipa walinzi wa msitu. Nilimshukuru Mungu.

Kisha waasi wakaushika mlima, nasi tukashushwa Goma. Nyumbani, mtaa wa Mabanga, sikutulia. Hata kanisani mke wangu alinipiga kiwiko.

"Papa, umeguna katikati ya Baba Yetu! Katekista anazani unaumwa tumbo."

Tulicheka, lakini usingizi ulinipotea.

Volkano ilipolipuka, tulikimbia njia ya Sake na godoro kichwani. Tulipumzika kando ya ziwa dogo la Lac Vert, nyuma yetu mbingu nyekundu. Nikawa nauliza kila aliyetoka upande wa msitu kama ameona ngagi. Mke wangu akachoka.

"Nyumba yetu pengine imekuwa jiwe, na weye unaulizia wanyama?"

"Mama, yule dume nilimufundisha kwamba mutu akiguna, asikimbie. Mwenye bunduki naye ana koo."

Alifumba macho palepale barabarani. "Mungu, umurudishie woga wake. Amina. Haya, shika godoro."

Nyumba ilipona. Kila jioni tuliomba vile vile, arudishiwe woga, na nilipotamka maneno hayo niliona ninaomba kazi yangu yote ifutwe.

Waasi waliporudi nyuma, mkuu wa kambi aliniita. Nilipanda na mlinzi mmoja, tukafuata vinyesi vibichi hadi kwenye mianzi. Yule dume alikuwa pale, mgongo wake umezidi weupe. Nikakaa chini, nikaguna. Alinitazama usoni, akanguruma, akawasukuma watoto wake mbele, na mianzi ikajifunga nyuma yao.

"Pole, muzee," mlinzi akasema. "Miaka yako yote imeenda."

Nilipiga magoti kwenye upupu, nikashukuru kwa sauti. Mlinzi alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Mkuu wa kambi hakuwa na muda wa sala. Bila watalii hakuna mshahara wa walinzi, na bila walinzi msitu utaisha kwa makaa. "Anza tena," alisema. Alisema kweli.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilipanda. Niliwakuta, nikakaa chini, mbali kuliko zamani, nikatafuna majani. Yule dume aliinua kichwa, akangoja. Mguno ulifika kooni, nikaumeza.