Muti Ndani ya Shu

Vita ilipoisha tukarudi kila mutu kwake, hapa kijijini Shari, mama mujirani hakuingia nyumbani mwangu hata siku moja. Kati ya watu wake na watu wangu damu ilimwangika. Sisemi ni kosa lake: hata miye sikukanyaga kwake. Tulisalimiana tu kupitia lupango, ua ya miti kati yetu.

Siku moja sokoni ilibaki shu moja tu, kabichi nzito, na siye wawili tukaishika pamoja. Tukaona haya, tukapatana tuigawanye kwangu. Nilipochukua kisu, yeye alibaki mulangoni.

Niliikata kuanzia kwenye kishina, polepole, asiseme nimejipendelea. Sijui kama nitaeleza vizuri, masomo yangu iliishia primeri. Ndani mulisimama muti muzima, mweupe, na matawi yake, na majani imekunjamana kama maji ya mto inayotembea. Kila nusu ilikuwa na muti wake, sawasawa na wa mwenzake. Nimekata shu tangu usichana, na sikuwa nimeona kitu.

“Mama, kuya uone!” nikasema bila kufikiri.

Akaingia. Akachuchumaa karibu yangu, akapitisha kidole juu ya matawi.

“Ee mama! Na hii tunaitupaka tu mu nyungu?”

Tukacheka. Kisha akatoa dongodongo moja, bamia mbichi, mu kikapo chake.

“Na hii iko na nini ndani? Lete kisu.”

Nikamupa. Akaikata katikati. Ilikuwa nyota ya pembe tano, na mbegu mu kila pembe.