Salamu Iliyogandisha Mashine

Kompyuta ya Mama Mhazili ilikuwa na vikorombwezo kuliko bi harusi. Kila programu ya bure iliyopita mtandaoni aliidaka: saa inayowika kama jogoo, maua yanayodondoka kwenye kioo, na kile alichokipenda kuliko vyote, kisalimiaji. Kila asubuhi akiwasha, mashine ilimwambia kwa adabu, "Shikamoo, mama." Naye huitika, "Marahaba, mwanangu," kisha kazi inaanza. Usimcheke. Ofisi nzima hakuna mwingine aliyemwamkia. Vijana walimpita masikio yamezibwa na hedifoni, shingo zimeinamia simu.

Akaja bosi mpya, kijana wa suti, rika la kitinda mimba wake. Siku ya kwanza tu akapiga marufuku kuongea na mashine. "Hapa ofisini, mama, si sokoni."

Mama akaufyata ulimi. Tangu hapo akawa anaitika moyoni, na tangu hapo kompyuta ikaanza kuganda. Haiandiki, haichapi, haitumi kitu. Bosi akaja juu: ripoti ya mwaka isipotoka kabla ya saa sita, mama atapelekwa stoo akatunze mafagio. Jamani! Umri wote ule wa kupiga chapa, leo mafagio!

Akaitwa fundi, jina lake la utani Bisibisi. Akakagua, akaguna. "Mashine yenyewe nzima. Wageni uliowaalika ndio wanaoleta fujo." Akavizima vikorombwezo vyote, mashine ikakimbia. Akaanza kuwasha kimoja kimoja. Jogoo akawika, salama. Maua yakadondoka, salama. Kisalimiaji kikasema, "Shikamoo, mama," na kila kitu kikasimama.

Fundi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Lo! Kumbe kinangoja kuitikiwa! Kina maiki, kinasikiliza. Bila marahaba, hakuna kazi."

Mama akamtazama bosi, aliyekuwa amesimama nyuma yao. Bosi akatazama saa yake.

"Basi kiitikie, mama!"

"Marahaba, mwanangu."

Ripoti ikaondoka papo hapo. Badala ya ahsante, bosi akaamuru kisalimiaji kifutwe, na fundi akakifuta. Mama akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi mezani.

Kesho yake bosi akataka barua ya haraka. Akamkuta mama amekaa wima, mikono mapajani, kioo cheupe.

"Fundi! Imeganda tena!"

Bisibisi akaja mbio, akagusa hapa, akagusa pale. "Mashine haina neno, bosi. Safari hii aliyeganda ni mama."

"Anangoja nini?"

"Kile kile ulichokifuta."

Vijana wakavua hedifoni. Bosi akamtazama fundi, akaitazama dari, akalegeza tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Mhazili, akavuta kibodi. "Haya, nitajie hiyo barua."