Matofali Yaliyokaliwa

Vita vimekwisha, saruji inapatikana tena, na bwana mmoja wa Kisauni ameanza kufyatua matofali ya kuuza. Kila asubuhi huyamwagia maji ili yakomae. Sisi wa nyumba za udongo tulimcheka: ukuta na maji, wapi na wapi? Alijenga baraza la matofali hayo kando ya njia, akatukaribisha. Masika ikapita, baraza likasimama.

Juzi tumeketi, akaja bibi mmoja kununua. Bwana akamwonyesha matofali mapya. Bibi akalipiga baraza kofi.

“Mwanangu, nipe haya.”

“Bibi, ni yale yale!”

“Haya yamekaliwa. Hayo siyajui.”

Tukainuka, baraza likabomolewa. Leo bwana kajenga jingine, na sisi tuliomcheka ndio vibarua wake: kazi yetu kukaa.